Jumapili Ngoma ya Baba Ilipojaribiwa

Juzi jirani yetu hapa Mugutha alikuwa anachoma katoni nyuma ya ploti, na ule moshi ukanifanya niache kufua, nikasimama tu na povu mikononi. Nilipokuwa darasa la tatu, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Jumapili. Kabla ya ibada, Baba aliwasha vipande vya katoni nje ya kanisa letu la mabati, akazungusha ngoma yake juu ya moto hadi ngozi ikaze. Kisha aliegemeza kidevu juu yake, akaigonga polepole, macho amefunga. Mimi ni mtu wa aibu, wote wananijua hivyo, lakini karibu na ile ngoma nilikuwa naimba hadi shingo inauma.

Baba alitoka Bungoma kuja kufuma nguo kwa kiwanda kimoja Thika. Wiki nzima alikuwa mtu wa kunyamaza. Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye alianza, sisi tukamfuata. Akiongeza mbio tunaongeza, akipunguza hata Pasta anapunguza makofi.

Halafu vijana wakaleta kibodi, kile kinanda cha umeme. Walisema na ngoma yetu tunakaa kama watu wa matanga, ndiyo maana wenzao wanahamia makanisa ya mtaa wa Kahawa Sukari. Wazee nao wakasema kibodi ni ya disko. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Pasta akaamua: Jumapili inayofuata vyote viwili vipigwe pamoja. Vikipatana, ngoma inabaki. Vikikataana, inaenda stoo.

Siku ikafika. Kamau, yule kijana wa kibodi, akahesabu, "Moja, mbili, tatu," akaanza. Baba alikuwa bado anaangalia mikono ya Kamau. Akaingia amechelewa, akakimbia, kisha akawa anapiga wimbo wake peke yake. Kamau akasimamisha.

"Baba Nekesa, wewe nifuate tu mimi, sawa?"

Baba akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Wakarudia. Ikawa mbaya zaidi.

"Haiya! Baba Nekesa, kwani leo umekunywa uji gani?" Mama Njeri akaita kutoka kiti cha mbele, na kanisa zima likaangua kicheko.

"Mzee amegoma," kijana mmoja akasema nyuma yangu. "Anaharibu makusudi huyo."

Kibodi ilikuwa imenyamaza kitambo, lakini Baba alikuwa bado anapiga, jasho likimtiririka. Aliacha tu wakati Pasta alimshika bega.

Ngoma ikawekwa stoo pamoja na mifagio na viti vilivyovunjika. Jumapili kadhaa Baba alikaa benchi la mwisho, kisha akaacha kuja. Watu wakasema ana kiburi. Hata mimi, nawaambia ukweli, niliamini hivyo.

Nilikuwa nimeingia sekondari ndipo Mama akampeleka kliniki, baada ya bodaboda kumpigia honi na kumpigia honi hadi karibu imgonge. Wakasema masikio yake yameharibiwa na kelele za mashine, kidogo kidogo, miaka mingi. Ngoma alikuwa anaisikia kwa kidevu na magoti. Kibodi hakuwa anaipata. Zamani shida hiyo haikuonekana, kwa sababu sisi ndio tulikuwa tunamfuata. Nadhani yeye alijua, lakini ukisema kiwandani kwamba husikii, kazi imeisha.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Ile Jumapili, tukirudi nyumbani, Baba alinishika mkono, akainama karibu kabisa na uso wangu.

"Nekesa," akaniuliza, "walikuwa wanacheka nini?"

Nilidhani amekasirika, kwamba anauliza vile mtu anauliza kitu anajua tayari. Nikaangalia viatu vyangu. Naye akangoja, akiniangalia midomo, hadi tukafika mlangoni.