Gari Lililofukizwa Puani

Gari langu lilipanda vilima kama mzee mwenye goti bovu: linakwenda, linapumzika, linafikiri. Mimi nilishalizoea. Lakini mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa Wingwi, na ukweni walikuwa tayari kumletea gari lao jeupe lenye kiyoyozi. Nikakataa. Baba alifariki huyu mtoto akiwa bado anatambaa, na mimi ndiye niliyemlea. Nitampeleka kwa mumewe mimi, tena kwa gari langu. Nilisema hivyo mbele ya ukoo mzima, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Fundi wangu wa Tibirinzi, mtu ambaye hajapata kuona gari akaliacha kama lilivyo, alilisikiliza likinguruma akatikisa kichwa.

"Hili halipati pumzi. Hebu nawe zibwa pua, kisha upande kilima, tuone."

Akang'oa lile boksi jeusi la chujio la hewa, na mahali pake akafunga bomba pana, jekundu, linalong'aa, lenye chujio nene lililokaa wazi mdomoni. Nguvu haikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni kelele. Nikikanyaga mafuta, gari linavuta hewa kwa mkoromo, mpaka jirani akatoka kuuliza nani anaumwa pumu.

Asubuhi ya harusi shangazi akaja na chetezo chake cha udi. Kwetu hafukizwi bibi harusi peke yake. Hufukizwa nguo zake, shuka zake na kila kitakachomgusa, sembuse gari. Alifukiza viti, akafukiza na mikanda. Kisha akasimama mbele ya boneti.

"Fundi kasema gari lavuta pumzi?"

"Ndiyo, shangazi, lakini..."

"Basi fungua. Ntu hafukizwi mgongoni pua ikaachwa."

Hakuna anayejibizana na shangazi siku ya harusi. Nikafungua boneti, nikawasha gari. Akasogeza chetezo kwenye mdomo wa bomba, na moshi wote ukaingia ndani, gari likauvuta kwa raha zake. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akazunguka nyuma, akainama kwenye ekzosi, akaapa kwamba inanukia. Alikuwa amekiacha chetezo palepale bombani.

Gari likavuta na kaa la moto. Chujio, kwa kuwa lilipakwa mafuta, likashika moto. Shangazi hakubabaika. Alirudi, akanyakua mrashi, akalizima kwa marashi ya waridi hadi tone la mwisho. Gari likapiga chafya, likazimika.

Fundi akaitwa, akaja na kanzu yake ya harusini. Akabandua mabaki ya chujio, akatazama huku na huku, akamwomba shangazi kanga moja. Akaifunga mdomoni mwa bomba kwa mpira, akaniapia kwamba itatufikisha Wingwi. Bibi harusi akapandishwa nyuma pamoja na shangazi, fundi akakaa mbele nami, na wanawake wengine wakafuata kwa daladala.

Ilitufikisha karibu na Mgogoni. Kwenye kilima nilikanyaga mafuta, gari likavuta pumzi kwa nguvu, na kanga ikaenda zake ndani. Kimya. Fundi akafungua boneti, akavuta, akavuta tena, ikatoka nusu.

"Doti mpya ile!" shangazi akapiga kelele. "Itoe yote!"

Hapo likatokea lile gari jeupe, limekuja kutupokea. Dereva alishuka kwa adabu, na adabu yake iliniuma kuliko matusi.

"Bibi harusi ahamie huku, bwana. Kuna baridi nzuri."

Nilijiona bure kabisa, baba wa bandia na gari lake lililokula nguo. Mdogo wangu alikuwa kajifunika ushungi, kichwa kakiinamisha kama alivyofundwa. Bila kuinua macho akasema:

"Mie sishuki. N'tapelekwa na kaka."

Basi wakasukuma. Akasukuma fundi na kanzu yake, akasukuma dereva wa ukweni, wakasukuma wakulima waliotupa majembe yao kando ya njia. Wanawake walifuata wakiimba, na shangazi alikuwa akiimba huku ameshika kile kipande cha kanga. Waliochoka walipokewa na wengine, kijiji hadi kijiji. Mimi nilikaa kwenye usukani wa gari lisilowaka, nikipiga honi na kukata kona kwa uangalifu mkubwa.

Wingwi ikawa inasogea, mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini. Nyumba ya bwana harusi ilipoonekana, nikasikia mtu analia nyuma yangu. Mkono wenye hina ukanishika bega.

"Kaka," akasema, "usende mbio."

Nikakanyaga breki. Nyuma wakapiga kelele kwamba gari limekuwa zito ghafla. Sikuondoa mguu.