Benchi Lililonyooka Mno

Mume wangu Sixten anafufua mabenchi ya useremala, yale makubwa yenye majiliwa ya mbao ya kubania ubao unaochongwa, ambayo watu wa hapa Småland huyasukumia ghalani babu akishafariki, wakayapangia viazi juu. Yeye huyaleta nyumbani kama mtu anayeokota paka. Nimeshapika huku mguu wa benchi umeegeshwa kando ya jiko langu ukikauka gundi, na nikilalamika ananiambia, "Gunvor, huo mguu una miaka mia. Uheshimu." Mimi nina sitini na minane, na sijawahi kuheshimiwa hivyo.

Ugonjwa wake ni unyoofu. Huweka vijiti viwili vilivyonyooka juu ya benchi, kimoja huku, kingine kule, akachuchumaa na kufumba jicho moja. Kimoja kikiinama hata kwa unywele, anarudi kwenye randa. Alama za msumeno na vishimo vya patasi, vyote huondoka. Watu humsifu, naye hujifanya hasikii.

Majira ya kuchipua yaliyopita aliletewa benchi la jirani yetu, mzee Halvar, seremala aliyepofuka. Halvar alikuwa bado anatengeneza viti kwa kupapasa, na vilikuwa viti hasa. Lakini mguu wa benchi ulioza, likawa linayumba, na siku moja patasi ikamchana kidole gumba. Binti yake, Ingalill, akaja juu. Alikuwa ameshamtafutia chumba katika nyumba ya wazee mjini.

"Sixten akilitengeneza na baba akaweza kulifanyia kazi bila kujikata, nitanyamaza," alituambia. "Akishindwa, anahama, na sitaki kusikia neno."

Halvar alisema afadhali azikwe na benchi lake kuliko kukalishwa sebuleni achezeshwe bingo.

Sixten alibadilisha mguu, akalegeza jiliwa lililokwama. Kisha, kwa mazoea yake, akalipiga randa juu mpaka likateleza kama kioo, akalipaka mafuta ya kitani. Lilipendeza, sikatai.

Siku ya kulirudisha, Ingalill alikuwepo, na koti lake mwilini. Mimi niliteleka birika la kahawa kwenye jiko la kuni la karakana ya Halvar. Halvar alilitikisa benchi, halikuyumba, akacheka. Halafu akapitisha kiganja juu yake kutoka kona hadi kona. Akarudia. Uso ukambadilika.

"Sixten, hili si langu."

"Ni lako, mzee. Nimelisafisha tu."

"Umesafisha nini, bwana? Hapa palikuwa na mkato wa msumeno, nikiugusa najua patasi iko wapi. Pale palikuwa na shimo la kunipa urefu wa mguu wa kiti. Sasa niko wapi? Umeniacha katikati ya ziwa lililoganda."

"Baba," Ingalill alisema kwa upole, "twende tukakione hicho chumba."

Sixten alisimama kama aliyepigwa kofi. Nilimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja. Si angeuliza kwanza? Mtu haoni, naye anampelekea unyoofu wa kutazamwa!

Lakini akachukua patasi. "Simama unaposimama siku zote," akamwambia Halvar. "Usifikiri. Nyoosha mkono tu."

Halvar akasimama, miguu yake ikapata mahali pake sakafuni. Kila kidole chake kilipotua, Sixten alikata hapo. Mtu anayenifokea nikiweka kikombe kwenye benchi lake alikuwa analichanja kovu baada ya kovu.

"Ndani zaidi," Halvar alisema. "Acha woga. Mimi sikukata kwa adabu."

Kisha akashika ubao, akapima kwa makovu yale, akakata, akachonga kiungo. Ingalill alitazama vidole vya babake bila kupepesa. Patasi haikuvigusa. Ila mkono wa kushoto uliendelea kupapasa kona ya benchi.

"Bado nini?" Sixten akauliza.

"Hapo Märta alikuwa anatua birika." Märta alikuwa mkewe, tulimzika msimu wa baridi uliotangulia. "Linatoka motoni moja kwa moja, nami namgombeza kila siku. Lilichoma duara likazama. Basi, hilo halichongeki."

Nilimtazama Sixten. Alilitazama birika, akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Nililishika kwa kitambaa, nikalitua konani. Mafuta yakafuka moshi. Sixten akafumba macho.

"Sogeza kushoto," Halvar alisema. "Bado. Hakuwahi kuliweka sawa."

Nilipoliinua, aliweka vidole kwenye duara likingali na joto, akaviacha hapo. "Namkumbuka mno yule mama," alisema.

Ingalill alivua koti, akaketi, akaniomba kahawa.