Vidonge vya Loyce

Gauni moja la mtumba lilimtosha Loyce tangu ana miaka minne mpaka saba.

Baba yake, Zefania, alikuwa anajisifu kwa hilo mnadani Mtinko. Watoto wa wenzake wanamaliza nguo, wa kwake anatunza!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, kila mtu mfanyabiashara. Zefania alikuwa na mashine ya kukamua alizeti na mdomo usiozimika.

Haya kanisimulia mkewe, Luciana, ambaye ni mama yangu mdogo. Sijaongeza chumvi.

Loyce alikuwa mpole kupita kiasi. Analala nyumbani, analala shuleni. Choo anapata kwa wiki mara moja. Uso umejaa, ngozi kavu, na jua kali hivi yeye anasikia baridi. Mdogo wake akampita kimo.

Majirani wakamsifia Luciana kwa malezi. Mwalimu akamsifia Loyce kwa kutopiga kelele.

Mtoto anazima taratibu, watu wanapiga makofi.

Luciana akachoka kusifiwa. Akampeleka hospitali ya misheni.

Nesi Rukaiya alimpima kimo, akarudia kumpima, akamwita daktari. Damu ikasafirishwa Dar, majibu yakachukua mwezi mzima. Kumbe tezi ya shingoni, ile inayoukuza mwili na kuuchangamsha, ilikuwa inafanya kazi kwa uvivu. Akaandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote.

Baada ya miezi mitatu Loyce alikuwa mtu mwingine. Anakimbiza kuku, anambishia baba yake. Gauni likapasuka kwapani. Luciana akalishika lile tambara akalia kwa furaha.

Majirani wakasema dawa za hospitali zimemharibu mtoto.

Mwezi wa sita tangu aanze dawa, Loyce akaanza tena kusinzia.

Siku hizohizo Zefania akachangamka. Anaamka kabla ya jogoo, jasho linamtoka, mikono inamtetemeka, suruali zinampwaya. Akatangaza kwamba ujana umemrudia. Luciana akahisi kuna mwanamke.

Asubuhi moja Zefania akaanguka kwenye mashine, moyo unamwenda mbio. Wakamkimbiza hospitali ileile.

Nesi Rukaiya akamuuliza anatumia dawa gani. Akajibu hatumii dawa yoyote. Nesi akamgeukia Luciana, akauliza hali ya mtoto. Luciana akasema amerudia kulala.

Nesi akamgeukia tena Zefania.

"Baba Loyce, unameza vingapi kwa siku?"

Zefania akaangalia ukuta.

"Vinne, sista. Niliona vimemchangamsha mtoto, nikataka na mimi."

Ili isijulikane, kwenye kopo la dawa la Loyce alikuwa anajazia vidonge vyeupe vya tumbo, vya dukani.

Luciana hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanao alikuwa anazimika, na wewe ulikuwa unamwona."

Zefania, na mdomo wake usiozimika, akajifunika shuka mpaka usoni.

Zefania alilazwa wiki mbili, akapona. Kopo jipya likahamia kwenye pindo la khanga ya Luciana.

Leo Loyce anafundisha hesabu sekondari, ana watoto wawili, na kidonge chake anameza kila asubuhi bila kuruka.

Ndugu zangu, mtoto akitulia kupita kiasi, mpimeni kimo kabla ya kumsifia. Na nyie akina baba mnaotafuta ujana, msiutafute kwenye dawa ya mtoto.