Nati ya Pande Nane

Gari la marehemu baba lilianza kunguruma gurudumu la nyuma siku ya Jumatatu, na harusi ya binti yangu ilikuwa Ijumaa, kule Vanga. Msinione mkali bure. Mama alikuwa ameshatoa tamko mbele ya watu: "Mimi nililetwa Msambweni bibi harusi kwa gari hili, na kwa harusi ya mjukuu wangu nitakwenda kwa gari hili. Likikaa, nami nakaa." Na mama yangu akisema anakaa, anakaa. Harusi bila yeye nisingeiweza. Ningelia mpaka wakwe wakadhani tumefiwa.

Mjomba, ndugu yake mama, ndiye fundi wetu. Alijiingiza chini ya gari, akatoka na kusema beringi imekwisha, na ili itoke lazima kwanza ifunguliwe nati kubwa iliyo mwisho wa ekseli, yenye pande nane.

"Nipe tindo na nyundo," akasema.

"Tindo! Mjomba, nati hiyo ina soketi yake maalumu ya kuifungulia. Hebu itazame ilivyoharibika!" Na kweli ilikuwa imejaa makovu ya tindo kila upande. "Baba alikuwa mtu wa heshima zake, lakini kwa ufundi, Mungu amsamehe, alikuwa mharibifu. Miaka yote ile alishindwa kutafuta chombo kimoja?"

Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. "Haya," akasema. "Katafute."

Jumanne nilizunguka maduka yote ya spea pale Ukunda. Kijana mmoja akaniambia, "Madam, hiyo gari ni ya museum." Nikamwambia mimi si madam, na shikamoo ameiacha wapi? Masikini akaamkia, nikaitikia, ndipo akanishauri niwaendee mafundi wa malori kwenye mji wa Mackinnon Road.

Sasa, nati imeng'ang'ania kwenye ekseli, nami nitakwenda na kipimo gani? Jikoni wanawake walikuwa wanakanda unga wa mahamri ya harusi. Nikamega donge, nikalikandamiza juu ya nati, likatoka na alama safi. Nikakata kwa kisu kufuata alama, nikapata nati ya unga, pande nane, sawasawa na ile ya chuma. Nikaitia ndani ya kibakuli chenye kifuniko. Nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Jumatano jirani yetu alikuwa anakwenda huko huko kuchukua mbuzi wa harusi, nikapanda naye. Tulipita Kinango, jua linawaka, kibakuli nimekipakata. Fundi wa malori alipokifungua akaniuliza, "Mama, umeniletea na chai?"

"Hicho ni kipimo, mwanangu."

Hakucheka, Mungu ambariki. Alijaribu soketi moja baada ya nyingine mpaka akapata iliyoikaa nati yangu ya unga barabara. Akaniazima. Kama kikombe kinene cha chuma, chini kina tundu la mraba la kutilia mpini. Nzito hiyo, we acha tu. Njiani mbuzi mmoja akapenyeza shingo, akala kipimo changu bila hata kutafuna. Nikamwambia kula, baba, soketi ninayo.

Tulipofika nyumbani, Mjomba akaipachika. Soketi ikazunguka juu ya nati kama ndoo juu ya ndimu.

"Ulipima na nini?" akauliza.

"Unga."

"Unga gani?"

"Wa mahamri."

Akakaa chini. "Wenye hamira?"

Lo! Kutoka Msambweni hadi Mackinnon Road, kwa joto lile, tena nimefunika na nimepakata! Mjomba alicheka mpaka akashikilia gurudumu asianguke. Jioni ile kila aliyepita kwetu aliniuliza kama nati imeshaumuka. Nilikasirika. Nilikasirikia hamira, nikamkasirikia mbuzi, lakini zaidi nilimkasirikia baba na tindo lake.

Alhamisi asubuhi niliingia chumbani kwa mama. Alikuwa anafukiza nguo za harusi, ametandaza juu ya tenga, na chetezo chake kiko chini. Ni chetezo cha chuma, kizito, cheusi, kimekaa kwenye kisahani. Tangu nizaliwe nakiona. Udi ulikuwa umekwisha na majivu yamemwagika sakafuni, nami siku hiyo nilikuwa natafuta cha kugombeza. Nikakinyanyua kwa kitambaa, nikakung'uta majivu. Chini kina tundu la mraba. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mdomo wake ulikuwa na pande nane.

Soketi yenyewe!

"Mama, hiki ulikipata wapi?"

"Chetezo changu cha udongo kilivunjika, wewe hujazaliwa. Baba yako alikuwa kazini, nikaokota hicho kwenye sanduku lake la vyuma nikatia makaa. Kina tundu, kinavuta hewa, moto hauzimi. Aliporudi akanusa, akasema leo nyumba imekuwa nyumba. Nikamwuliza, hiki una kazi nacho? Akasema hapana, ni chako." Akanitazama. "Kwani? Kina kazi nyingine?"

Mimi kunyamaza sijui. Msambweni nzima inajua. Mdomo nilishaufungua, maneno yameshafika kwenye meno, ndipo nikaikumbuka ile nati na makovu yake. Kila kovu ni siku moja baba alilala chini ya gari akigonga, na ndani udi unafuka.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni chetezo tu."

Nikakirudisha chini ya tenga, nikatoka nje nikijipangusa macho. Mjomba alikuwa amekaa kando ya gari. Aliniona uso akajua.

"Baba yako aliniapisha nisiseme," akasema. "Ningefanyaje?"

"Nipe tindo."

Pigo la kwanza lilikuwa la kidole changu, nikatamka neno ambalo mama wa bibi harusi hatakiwi kulitamka. La pili likapata nati. Kufikia adhuhuri beringi mpya ilikuwa ndani.

Ijumaa mama alikaa mbele, amejitanda, ananukia udi. Gari halikunguruma hata kidogo. Karibu na Vanga akakipapasa kiti, akasema, "Baba yako alilitunza sana gari hili."

"Sana, mama," nikasema, na kidole kikinidunda.