Nilivyouangusha Mnara wa Padri Mgeni

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa nisimsimulie mtu, lakini kwa kuwa hapa ugenini Marshalltown linasimuliwa kila siku na watu ambao hata hawakuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, bora mlisikie kutoka kwangu mwenye aibu yangu.

Mimi ni fundi wa vyerehani, mtu wa Tanga, Mwislamu, na kanisani nilikuwa sijawahi kuingia hata kwa kukimbia mvua. Jirani yangu wa kibanda ni Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu, na kosa langu ni kwamba akija mteja wa Kiingereza mimi humsemesha kwa sauti ya juu ili mama asikie. (Kiingereza chenyewe ni cha mitaani, cha "sharp" na "eish" na bei za sindano, ila yeye hakulijua hilo.) Basi Ijumaa moja akaniambia parokia yao kule mtaa wa Observatory imepata mgeni, padri mzee kutoka Uingereza, atawaonyesha picha za kanisa lake la zamani sana, na mtafsiri wao amekaukiwa sauti.

"Papa Shabani, weye unasemaka Kizungu mingi. Utusaidie."

Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo. Nikasema hilo ni jambo dogo.

Jumamosi mchana nikakuta ukumbi wa parokia umejaa, wazee mbele, akina mama wa Kikongo na vitenge vyao nyuma, nami nimesimama kando ya padri na maikrofoni na koti la kuazima. Mwanzoni nilikwenda vizuri. Padri anaonyesha kuta za mawe, nene kiasi kwamba mtu anaweza kulala dirishani, natafsiri. Anaonyesha matao yaliyochongoka juu, natafsiri. Paa la mbao lililoungwa bila msumari hata mmoja, natafsiri, watu wanashangaa, na mimi najiona kana kwamba nimeliezeka mwenyewe. Akaonyesha bakuli kubwa la jiwe karibu na mlango, nikasema ni sinki la kunawia, bibi mmoja akanirekebisha kwa upole kwamba hicho ni kisima cha ubatizo, nikasema ndiyo, ni hicho hicho.

Ikaja picha ya mnara. Padri akaanza kwa kutaja mwaka, na mimi mwaka sikuudaka kwa sababu bado nilikuwa nahangaika na lile sinki, nikajiambia mwaka si kitu, nauruka. Nikatafsiri yaliyofuata: mnara uliangukia paa watu wakiwa kwenye misa, wakafa waashi watatu na mpiga kengele, wakazikwa hapo hapo chini ya sakafu, na ufa wa ukutani upo hadi leo.

Mama mmoja akavuta kitenge akajifunika uso. Mzee Kabeya, katekista wao, akasimama akauliza kama marehemu wameacha familia. Nikampelekea padri swali, naye akajibu kwa huzuni kwamba bila shaka walikuwa nazo, ila hata majina yao hayajulikani.

Nami (sijui nani alinituma) nikasema, "Majina bado hayajajulikana."

Hiyo "bado" ndiyo iliyonimaliza. Akina mama wakaanzisha wimbo wa kilio, watu wakapanga foleni, mmoja mmoja wanampa padri mkono, pole baba, pole sana baba, na yeye anaitikia kwa kichwa akidhani ndiyo desturi yetu ya kumpokea mgeni. Hata mimi machozi yalinilenga, nikampa pole kwa Kiingereza. Akaniangalia sana.

Ndipo Mama Furaha akaja mbele na kuniambia nimuulize walikufa tarehe gani, wapate kuwaombea misa. Nikauliza. Padri akanijibu polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa, kwamba ni kama miaka mia saba iliyopita.

Watu wote wananitazama. Nikasema, "Anasema muda umepita kidogo."

"Kidogo gani?" akauliza Mama Furaha.

"Miaka mia saba."

Wimbo ulikatika vipande vipande, mstari wa mbele kwanza, wa nyuma mwisho. Mzee Kabeya alikuwa bado ameushika mkono wa padri. Akaitazama ile picha ukutani, akasema taratibu, "Basi, tumechelewa ku kilio."

Walicheka mpaka viti vikasogea. Padri akaniuliza kumetokea nini, nikamweleza huku natazama viatu vyangu. Yeye hakucheka. Akavua miwani, akasema amelihudumia kanisa lile miaka mingi, ameshawaonyesha wageni ule ufa mara nyingi mno, na hajawahi kumsikia mtu akitoa pole kwa ajili ya wale watu wanne. Akaomba wimbo umaliziwe. Nikatafsiri (hilo nililisikia vizuri kabisa), wakaumaliza, wengine wakilia, wengine bado wakicheka, na yule bibi wa kisima cha ubatizo akifanya yote mawili.

Msidhani hilo liliniokoa. Jumatatu sijafungua hata kibanda, mteja wa kwanza ananiuliza kwa uso mkavu nani amefariki leo, na mpaka sasa hawajachoka. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: neno nisilolisikia nitasema sijalisikia, hata kama ukumbi mzima unanisubiri. Kuona haya kwa neno moja ni kwa dakika moja tu, lakini haya ya kuwaua watu wanne upya mbele ya parokia nzima, hiyo naona nitaondoka nayo mpaka kwetu Tanga.