Ng'ombe Mwekundu wa Mahari

Karatasi za kusafishia picha zilipokosekana hadi Mwanza, mjomba alifunga chumba cha giza cha studio yake hapa Bariadi. Akaniambia, "Kazi ya kwanza ya kompyuta yako ndiyo itaamua. Ikikataa, chumba nampa wakala wa pesa."

Nilikuwa nimemaliza chuo na sina ajira, nikayageuza maneno yale kichwani wiki nzima. Ikikataa nini? Kompyuta, au picha?

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka kijiji cha Ngulyati. Alitaka picha yake na ng'ombe wa mahari ya binti yake, nyeusi na nyeupe, ifanane na ya marehemu mama yake ambayo mjomba aliisafisha zamani. Nikapiga, nikaondoa rangi. Uso ukaonekana giza tupu. Nikaongeza mwanga wa nyekundu, maana ngozi zetu zina wekundu ndani yake, na sura ikafunguka vizuri. Nikachapa.

Mama aliishika picha kwa mikono miwili, akaikazia macho. Nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi kabla sijajua kosa.

"Huyu ni mimi," alisema. "Huyu ng'ombe mweupe ni wa nani?"

Mwanga wa nyekundu niliouongeza kwa ajili ya uso ulikuwa umemwangaza na ng'ombe mwekundu, akatoka mweupe.

"Wakwe wakija wataniuliza yule mwekundu nimemuuza lini."

Mjomba alicheka hadi akakohoa, akamgeukia mama. "Amekuongezea ng'ombe, mayu. Shukuru."

"Aniongezee zizini, siyo ukutani."

Nikaishusha nyekundu. Ng'ombe akarudi kukolea, uso ukapotea gizani. Nikaona chumba kimeshaenda kwa wakala.

Mjomba akavuta stuli. Akanyoosha kiganja mbele ya kioo cha kompyuta, akakitikisa polepole, kama zamani kwenye chumba cha giza alipokinga uso wa mtu ili taa isiuchome ukawa mweusi kwenye karatasi.

"Uso tu," alisema. "Ng'ombe mwache. Kompyuta yako haina mkono?"

Ilikuwa nao. Brashi ya kugusia sehemu moja tu ya picha ilikuwa pale pale pembeni ya kioo. Hofu ndiyo iliyonisahaulisha. Nikapitisha mwanga usoni peke yake, nikachapa tena.

"Sasa huyu ndiye," mama alisema, akaagiza na nyingine ya kuwapelekea wakwe.

Alipoondoka, mjomba alifungua chumba cha giza, akatoa beseni za dawa na kufuta meza. Nikamuuliza wakala anahamia lini.

"Wakala gani? Leta kompyuta huku ndani. Hapo nje jua linapiga kioo, linakudanganya."