Jina Nyuma ya Televisheni

Wapo mafundi wanaoijaribu televisheni kwa mpira, wapo wanaoijaribu kwa taarifa ya habari. Fundi huyu aliijaribu kwa waimbaji wasiojulikana. Kila Jumamosi alasiri palikuwa na kipindi cha wanamuziki wadogo, wale wasio na kampuni wala mabango, wakipiga na kuimba papo hapo studioni. Mwingine alikuja na gita lenye nyuzi tano, mwingine na mjomba wake kwenye ngoma.

"Wimbo wa kurekodiwa umeshaogeshwa," alikuwa akiwaambia wateja. "Unaficha ubovu wa spika. Lakini mtu anayeimba sasa hivi, akimeza mate unamsikia."

Basi televisheni haikutoka kwake mpaka Jumamosi ipite. Wateja walinung'unika, wakazoea. Na kabla ya kukaza skrubu za mwisho, alichukua kalamu ya wino mzito akaandika ndani ya kifuniko cha nyuma tarehe na jina la aliyekuwa akiimba. Akishaandika, kichwa chake kilitua mzigo, akasahau. Nusu ya mtaa walikuwa na majina ya waimbaji mgongoni mwa televisheni zao, wala hawana habari.

Ya nyumbani kwake ilikuwa imekufa mwaka wa pili sasa. Mganga hajigangi. Kwa hiyo Jumamosi mkewe alimletea chakula kazini, akakaa kwenye kigoda cha wateja, wakatazama pamoja.

Mama huyu zamani alikuwa mtu wa kuimba kwa pua. Akiosha vyombo anaimba, akikunja nguo anaimba, mpaka mumewe humwambia apunguze sauti majirani wasije wakadhani kuna sherehe. Dada yake alipofariki, jikoni pakanyamaza. Miezi minane fundi alisikia vijiko tu. Mambo ya waya aliyajua, hilo halikuwa na waya.

Jumamosi moja akatokea kwenye kipindi binti mwenye gauni la kijani, akaimba amekaa, macho chini, kama anayejiimbia mwenyewe. Mama akaacha kufungua mabakuli. Njiani kurudi nyumbani, fundi alimsikia akivuta kipande cha wimbo ule puani, kifupi, kikakatika.

Siku ya nne mama akauliza, "Baba, yule binti alikuwa nani? Mwanzo ninao, mbele pamenipotea."

Fundi akatafuta kichwani, hamna kitu. Jina alikuwa ameliandika, tena kwa mwandiko mzuri. Lakini wiki ile alikuwa amerudisha televisheni tatu, na hakukumbuka limo ndani ya ipi.

Alianza kwa mshona nguo. Ndani ya kifuniko mlikuwa na jina la mzee wa zeze. Kwa mwalimu mstaafu alikuta bendi ya mabinamu wanne. Ikabaki ya kinyozi, nako kulikuwa na mpira, na viti vyote vimejaa.

"Naomba nifungue televisheni yako kidogo," akasema fundi.

Kinyozi akasimamisha wembe hewani. "Fundi, mbona haiumwi?"

"Najua. Niliitibu mimi."

"Ehe, daktari kafilisika," akadakia mteja aliyepakwa povu nusu uso. "Sasa anawafuata kwa kisu waliopona."

"Subiri mapumziko basi," kinyozi akasema. "Ukiizima sasa hivi, hawa watakunyoa wewe."

Fundi akasubiri, bisibisi mkononi, kama mkwe anayengoja kukaribishwa. Mapumziko yalipofika alifungua skrubu sita, akainamisha kichwa ndani. Lilikuwapo: Chiriku wa Dirishani.

"Umeona nini humo?" kinyozi akauliza.

Fundi akawaeleza, kwanza kwa aibu, halafu yote, mpaka habari ya jikoni. Mwenye povu hakutania tena. Kinyozi akajifuta mikono, akatafuta jina lile kwenye simu. Binti alikuwa nazo nyimbo tatu tu, zote ameimbia kwao, sufuria zinaonekana nyuma. Ule wimbo ulikuwa wa pili. Akamtumia fundi kwenye simu yake.

"Sikiliza kwanza," akasema kinyozi.

"Sisikilizi," fundi akajibu. "Mwenye wimbo yuko nyumbani."

Mama aliusikiliza amesimama mlangoni, simu sikioni. Akaurudia. Mara ya tatu akaketi, akalia kidogo, akamrudishia simu, akaenda jikoni.

Fundi hakumfuata. Alijua kukaa mbali na kitu kinachopata moto. Akaitazama televisheni yao, akaiona haya. Jumamosi zote hizo mkewe alikuwa akisikiliza muziki juu ya kigoda cha wateja. Akaishusha mezani na kuifungua, akapangusa vumbi, akalehemu palipoachia. Jioni nzima ikaishia hapo, na mara hii hakuna aliyemharakisha.

Alikuwa akitafuta skrubu chini ya meza aliposikia. Vijiko vilikuwa vimenyamaza. Sauti ilianza mwanzo ule wa juzi, ikafika pale ilipokatikia, ikapita.

Fundi akabaki pale chini, magoti yakimuuma, mpaka wimbo ukaisha.

"Baba, umeanguka?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Natafuta skrubu."

Akainuka, akachukua kalamu. Ndani ya kifuniko akaandika tarehe, na chini yake: Mke wangu, jikoni, bila bendi. Akakaza skrubu zote. Haikuwa Jumamosi, lakini televisheni ile aliihesabu imeshajaribiwa.